Kokoto Nyekundu Kwenye Lami

Gari la tatu lilipoingia na madoa yale yale, Zuura alifunga maji akachutama karibu na tairi la nyuma. Alikuwa ameosha magari miaka kumi na mmoja pale mjini Kochkor, kando ya barabara kuu, na matope ya kila bonde aliyajua. Lami hii ilimshinda. Ilikuwa bado mbichi, imetapakaa kwenye madigadi na nusu ya mlango kama ndui, tena ubavu mmoja tu. Ndani ya kila tone kulikuwa na vichembe vya kokoto nyekundu.

"Umepita wapi, Asankul?"

Asankul, mnunuzi wa maziwa vijijini, alikuwa akipekua mfuko wa koti akitafuta kitu ambacho hakikuwamo. "Huku na huku tu, dada."

"Huku na huku hakuna barabara inayotiwa lami."

"Basi labda nilirushiwa na lori. Wewe itoe tu. Kesho tunakwenda kumposea mwanangu, siwezi kufika kwa wakwe na gari linaloumwa. Ila petroli sitaki. Mwaka jana kuna mtu alinisugulia boneti kwa petroli, mpaka leo imefifia kama shati la mkopo."

Zuura hakuwa na haja ya petroli. Kwanza alilimwagia gari maji mengi, mchanga uondoke usije ukakwaruza rangi. Kisha akaleta sufuria ya mafuta ya mkia wa kondoo, ameyayeyusha na kuyachanganya na mafuta ya taa kidogo. Akajaribu chini ya bampa, mahali pasipoonekana. Rangi ilipobaki salama, alipaka madoa yote, akayafunika kwa vitambaa vilivyolowa mafuta yale yale, akaenda kumimina chai.

"Tunasubiri nini?" Asankul akauliza.

"Mafuta yaingie. Ukisugua sasa hivi unaondoka na rangi. Kunywa chai."

Wakati Asankul anakunywa, Zuura alibandua tone moja kwa ukucha, akalisafisha kwa kitambaa mpaka kichembe cha jiwe kikabaki peke yake kiganjani. Akakisugua kwenye kigae cheupe cha ukutani. Kikaacha mstari mwekundu. Utotoni alichorea mawe kama hayo kwenye kila mlango wa kijiji, na mama yake akamkimbiza na fagio. Mabonde mengine yote ya upande ule mawe yake ni ya kijivu. Jekundu lilikuwa la Kizil-Jar, kijijini kwao.

"Kizil-Jar kuna nani anayetengeneza barabara?"

"Dada, kumbe hii chai ni ya kuhojiwa?"

"Madoa yako ni ya ubavu mmoja. Yaani upande mmoja wa barabara una lami, mwingine hauna. Kampuni yenye mitambo haifanyi hivyo. Hao ni watu wenye makoleo."

Asankul akatazama ndani ya kikombe. "Nimekatazwa kusema. Na aliyenikataza ananiuzia maziwa, kwa hiyo niache nimalize chai yangu."

Zuura akavifunua vitambaa. Lami ilikuwa imelainika kama jamu. Aliifuta kwa mkono mwepesi, akigeuza kitambaa kila mara, akaosha kwa sabuni, akapaka nta. Mlango ukang'aa. Mawazo yake lakini hayakuwa kwenye mlango. Miaka sita iliyopita, siku ya mazishi ya mama yao, gari la wagonjwa lililokuja kumchukua likiwa bado limekwama korongoni, alimwambia kaka yake Toktosun mbele ya waombolezaji: "Barabara hii ndiyo imemuua, na ninyi mnaoishi mwisho wake mmekaa tu." Tangu siku hiyo hawakuwahi kusemezana.

Jumapili asubuhi alichukua gari la mumewe. Hakumwambia anakokwenda, alisema tu kuna kitu anataka kukiona.

Alipofika mdomo wa korongo, magurudumu yalinyamaza. Chini kulikuwa na lami, nyeusi, yenye mabonde mabonde, upana wake usiotimia gari moja na nusu. Mbele moshi ulikuwa ukipanda. Watu kama kumi na wawili walikuwa wakitandaza kokoto kwa reki, na Toktosun, amezeeka kuliko alivyomtarajia, alikuwa amesimama kando ya pipa la lami inayochemka, akikoroga kwa mti mrefu.

Alimwona. Hakuacha kukoroga.

"Asankul amesema," akasema.

"Hajasema. Gari lake ndilo limesema."

"Nilitaka uje tukishamaliza."

Zuura akatazama lami, akatazama wale watu, ambao ghafla wote walikuwa na kazi ya kuinamia. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Ni kwa sababu ya lile neno langu?"

Toktosun akafikiri. "Ni kwa sababu ya maziwa. Yalikuwa yanachacha kabla ya kufika mjini." Akakoroga mara mbili tatu. "Neno lako lilikuwa la pili."

"Nilikosea kulisema mbele za watu."

"Ulikosea, ndiyo. Ila uongo haukuwa."

Kisha Zuura akauliza mapipa waliyapata wapi, kokoto wanazichambua kwa kitu gani, kwa nini lami ya mwanzoni imepasuka na hii haijapasuka. Na Toktosun, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akajibu kila swali kwa kirefu, akimwonyesha kwa ule mti. Ile ya mwanzoni waliimwaga kokoto zikiwa na unyevu, hawakujua.

"Itafika mpaka nyumbani?"

"Mwaka huu haifiki. Zimebaki kilomita nne, na mapipa ni matatu. Wifi yako amewachinjia hawa, twende ukale. Gari lako liache hapa, litavunjika huko mbele."

Akamwachia jirani ule mti wa kukorogea, na wote wawili wakashika njia kwa miguu, wakikwepa mashimo.