Pumzi ya Kuazima

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa amekaa pembezoni mwa gati, kiganja kimeziba mdomo, akiwatazama wapagazi wakigombania kivuli cha kreni. Mumewe alikuwa chini ya meli na brashi ya waya na patasi, akikwangua magamba yaliyoota kwenye chuma. Pumzi yake mwenyewe ilikuwa imeishia njiani akishuka. Aliyokuwa akiitumia sasa ni ya mkewe.

Ndivyo kazi ilivyofanyika pale. Mitungi ya hewa ilikuwepo, imefungiwa stoo, na msimamizi alisema ni ya siku wakaguzi watakapokuja. Kwa hiyo kila mzamiaji alikuja na mtu wake: mke, dada, hata mama mkwe kama hana budi. Mtu huyo humpulizia kinywani, kisha hukaa juu bila kupumua mpaka arudishiwe. Si kazi ngumu. Masharti ni kutocheka, kutopiga chafya, na zaidi ya yote kutotamka neno, maana neno huivuta pumzi ikarudi kwa mwenyewe.

Msimamizi akatokea, mwavuli mkononi. Masharti yale aliyajua fika. Yeye ndiye aliyewafundisha wapya.

"Mama Pacha, bado huyo?"

Akamwashiria kwa mkono kwamba bado.

"Nasema na wewe, au nasema na ukuta?"

Mama Pacha amelelewa, na mtu aliyelelewa hamkalii kimya mkubwa anayemwita mara ya pili. "Abee," akaitika.

Pumzi ikamrudia kifuani, ya baridi, ina ladha ya kutu. Hapo akapiga ukelele. Msimamizi akamwomba asipige kelele kazini.

Baba Pacha alipanda ngazi baadaye kidogo, maji yakimchuruzika puani, kifua kimetulia tuli. Upande wa kushoto wa meli wote alikuwa ameumaliza. Wakaenda zahanati. Daktari akasikiliza kifua, akasikiliza mgongo, akabadilisha kipimo, akasikiliza tena.

"Hana pumzi," akasema. "Apunguze chumvi."

Basi hakupumua tena, na maisha yakaendelea. Alikula, aliwaogesha mapacha, alirekebisha bawaba ya mlango. Kuongea tu ndiko kulikomshinda. Kwa hiyo jioni, vyombo vikishaoshwa, mkewe alimwazima pumzi, naye akasema yake. Akimrudishia, mke akajibu. Ugomvi wao ukawa mrefu lakini wa adabu. Siku ya kwanza kabisa alisema, "Hata mimi ningeitika, mke wangu. Usijitese." Mama Pacha aliapa moyoni kwamba hatamvuta pumzi tena hata siku moja. Atangoja arudishiwe.

Gatini msimamizi alikuwa na furaha isiyo kifani. Mtu asiyepumua ana haja gani ya kupanda juu? Baba Pacha akawa anashushwa asubuhi na kupandishwa giza likiingia, akitoka chini ya meli hii anaingia chini ya ile. Vidole vikajikunja kwenye umbo la mpini wa patasi, vikabaki hivyo. Mgongoni yakaanza kuota magamba madogo madogo, na mkewe akawa anayabandua kwa ncha ya kijiko huku mapacha wakishika taa.

Jioni moja alipoazimwa pumzi alivitazama kwanza vidole vyake vilivyojikunja. Kisha akasema, "Nimechoka. Nimechoka hoi, mama."

Akamrudishia. Ndipo Mama Pacha akalia kwa sauti, roho ikimuuma kweli kweli.

Kesho yake akamshika mumewe mkono wakaenda ofisini. Msimamizi alikuwa anakunywa chai.

"Nimekuja kumwombea huyu apumzike," Mama Pacha akasema. "Mtu kakufia kazini, bosi. Sasa mwache basi akae nyumbani na wanawe."

Msimamizi akamtazama Baba Pacha aliyesimama karibu na kabati, akidondosha maji kwenye sakafu.

"Mbona mwenyewe halalamiki? Tangu siku ile sijamsikia hata neno."

Mama Pacha akamgeukia mumewe, akampulizia pale pale, mbele ya kikombe cha chai. Baba Pacha akafuta mdomo kwa kiwiko.

"Samahani mkubwa," akasema. "Nimechoka. Vidole havifunguki tena, na wanangu nawaona usiku tu. Naomba niache kazi."

Msimamizi alimsikiliza bila kumkatiza. Halafu uso ukamkunjuka.

"Umeona sasa?" akamwambia Mama Pacha. "Anaongea vizuri tu. Mzima kabisa huyu." Akamshika Baba Pacha bega, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwelekeza kwenye meli iliyokuwa imetia nanga alfajiri. Baba Pacha akaenda, bado ana maneno mdomoni.

Mama Pacha alikuwa na jibu, tena refu. Lakini kulisema ni kumnyang'anya mumewe pumzi kwa mara ya pili. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Msimamizi akamngoja kidogo. Alipoona hasemi kitu, akamshukuru kwa kuelewa.