Kitufe cha Kifuani

Fundi seremala alikivaa kile kidude kwa kinyongo. Kilikuwa kidogo, kimebandikwa kifuani kwa plasta chini ya shati la kazi, na kila pigo la moyo wake lilirushwa hospitalini kupitia simu. Nesi alimwonyesha kitufe kilicho katikati. Akibanwa na kifua au akisikia kizunguzungu, abonyeze, ili wao kule wajue hali imebadilika.

Aliyelazimisha kivaliwe ni mwanawe wa pekee, mhasibu, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwapani. Tangu baba alipoanguka kwa ugonjwa wa moyo, kijana huyo alikuwa amelivalia njuga jambo moja tu: karakana ifungwe, mashine ziuzwe, mzee akae nyumbani. Mzee naye alikuwa na kichwa kigumu vilevile. Ndiyo maana huyo mtoto hakuna aliyewahi kusema ameokotwa. Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwisho wakakubaliana kwamba kidude ndicho kiamue. Kikionyesha kazi inamuua, mzee akabidhi funguo. Kisipoonyesha, mwana aufyate.

Basi mchana mzee akawa anapiga randa taratibu, vumbi la mbao likimjaa nywele, na roho yake kwatu. Jioni mwana anakuja, anasimama mlangoni asije akachafua suruali, anaanza.

"Bado hujachoka tu, mzee? Unataka tuje tukuokote humu?"

"Nimekuita?"

"Watu wananisema mimi. Wanasema nimekutelekeza."

"Kumbe shida yako ni watu. Nilidhani ni moyo wangu."

"Haya, ukifa usinilaumu."

"Nikifa nitakulaumu kwa mdomo gani, mpumbavu wewe?"

Hapo mzee anaingiza mkono ndani ya shati na kubonyeza kitufe. Kifua hakikuwa kinamuuma hata kidogo. Alibonyeza kwa roho mbaya tu, kama mtoto anayemsemea mwenzake kwa mwalimu, na akaona utamu wake. Mwana akifungua mdomo, anabonyeza. Mwana akicheka kwa dharau, anabonyeza tena. Hospitali nzima na ijue amezaa nini.

Siku ya kliniki walikwenda wote wawili, hawasemeshani. Nesi, mama wa makamo asiye na mzaha, aliwageuzia kioo cha kompyuta.

"Ukiwa kazini, mzee wangu, moyo wako umetulia vizuri. Unapanda kidogo ukibeba mbao, kisha unashuka. Sina neno."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Umesikia, bwana mahesabu?"

"Lakini hizi alama ulizobonyeza zinanitisha," nesi akaendelea. "Zote ni za jioni, na kila ulipobonyeza mapigo yalikuwa yamevurugika vibaya. Ulifanya vyema sana kutuonyesha. Huwa unafanya nini muda huo?"

Tabasamu lilimkauka mzee usoni. Alijua fika kwamba alikuwa anadanganya. Kumbe kila uongo aliobonyeza ulikuwa kweli, na yeye mwenyewe hakuwa na habari.

"Huwa namsikiliza huyu," alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi?" Mwana aliruka kitini. "Mimi niliyehangaika uvae hicho kidude ndiye ninayekuua? Mashine yenu mbovu hiyo!"

Akapiga meza kwa kiganja. Kwenye kioo mstari wa moyo wa mzee ukaanza kurukaruka, namba ya mapigo ikapanda na kugeuka nyekundu. Nesi hakubishana naye.

"Kaka, toka nje. Sasa hivi."

Alitoka, akaubamiza mlango. Viatu vyake vilisikika vikiondoka kwenye korido, na kadiri vilivyokwenda mbali ndivyo namba ilivyoshuka. Mzee aliitumbulia macho. Karakana ilikuwa imebaki yake, hakuna tena wa kumdai funguo. Alikuwa ameshinda, na alijisikia vibaya kuliko siku ile aliyoanguka. Alimpenda yule mjinga. Alimpenda siku zote, hata jioni zile za matusi, lakini moyo wake ulikuwa umeshamkana mbele ya mgeni na hakujua angeubembeleza vipi ubadili maneno.

Akageukia mlango, akafungua mdomo amwite. Namba ikaanza kupanda.

"Acha, mzee wangu," nesi akasema, akimshika mkono. "Mwache aende."