Nyuzi Nyekundu za Nemesio

…na huu upepo nao, hata siku ya kuwavika lama maua ya sufu masikioni, kila mwenye mnyama na rangi yake, hauna adabu, unamjaza Gumercinda vumbi la chumvi machoni, naye kapiga magoti zizini, sindano mkononi, uzi mwekundu umeshatungwa, sikio la lama jike liko mbele yake, laini, lina joto, na shemeji yake Casiano kamkumbatia mnyama shingoni, anahema, anasema funga basi, shemeji, huyu anapiga mateke, ila afunge rangi ya nani hasemi, mzee mjanja yule, maana asubuhi walipokuwa wakitafuna majani ya koka alishalisema, asiyekuja sikukuu ya Kanivali miaka mitatu mfululizo rangi yake haifungwi tena, ndiyo desturi, asiyekuwapo na lake halipo, na nyekundu ni ya Nemesio, mwanawe, aliyevuka mpaka kwenda machimboni Calama akisema narudi Kanivali, Mama, lama wangu usimpe mtu… na kweli hakumpa mtu, ampe nani, nyumba zinapigwa kufuli moja baada ya nyingine, mwalimu kaondoka, ufunguo wa kanisa kaachiwa yeye, ukipanda kilimani unaona moshi wa jiko lako na wa Casiano, basi, kinachofuata ni mawe mpaka kwenye volkano… lakini akifunga rangi nyingine si ndiyo kusema hana tena mtoto wa kiume, na kulisema hilo kwa mkono wake mwenyewe, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Casiano atajua nini, mtu ambaye baada ya theluji ile kubwa alikuja kuulizia lama kwanza, watu baadaye… theluji ile… huyu jike si ndipo alipozaliwa, mama yake, lama wa Nemesio, akafia kwenye barafu, na Nemesio alikuwa wapi, alituma picha kwenye simu, yuko ufukweni, kavaa miwani ya jua, sasa nani alikileta kitoto hiki jikoni kifuani mwake, nani alikinywesha maziwa kwa kitambaa, akalala nacho kando ya majivu akikisugua miguu… huyu hapa, huyu aliyeshika miguu ya nyuma, Zenobia, bintiye, mikono imempasuka kwa baridi, hajaondoka hapa hata siku moja, na mwaka jana jike huyu alipofungwa nyekundu alishika hivi hivi, kimya hivi hivi, na mama mtu akadhani ni upole tu, lo, mama gani huyu… anapapasa mfuko wa sufu, kijani ya marehemu mumewe imo, njano yake mwenyewe imo, nyekundu tele, na ya Zenobia… anapapasa tena, haimo, haikuwahi kuwamo, msichana hupewa rangi akiolewa, na huku angeolewa na nani, na upepo?

“Shemeji, unangoja nini?” Casiano anauliza. “Lama aote masikio mengine?”

“Zenobia,” anasema Gumercinda. “Wewe unapenda rangi gani, mwanangu?”

Zenobia hainui macho. Anakaza mikono kwenye miguu ya lama, anafikiri kweli kweli.

“Sijui, Mama. Sijawahi kuulizwa.”

…na upepo ni ule ule, sikio lile lile, Casiano bado anahema, uzi mwekundu bado uko kwenye sindano, na Gumercinda hajui tena aufunge kwa ajili ya nani.