Kamba ya Mtani

Mimi Skola Nungu ni Mngoni, na kwa miaka thelathini na moja niliyoishi huku Uheheni nimezika Wahehe wengi. Sikuwaua mimi. Babu zao na babu zangu ndio waliouana mpaka wakachoka, na sisi wajukuu tukaachiwa kazi ya kutukanana. Mhehe akifa, mtani wake Mngoni anaingia msibani bila hodi, anamsema marehemu, anawasema wafiwa, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Watu wakishacheka pamoja, hata waliokuwa hawasalimiani wanashika jembe moja. Niliiamini sana kazi hiyo. Niliipenda pia, kwa sababu niliiweza kuliko wote.

Chombo changu kilikuwa kamba. Tunawatania Wahehe kwamba wakiudhiwa kidogo tu wanajinyonga, na mimi nilikuwa na kamba yangu ya katani, nimeitundika jikoni kwa ajili ya misiba tu.

Atilio Kihwele alikuwa mtani wangu wa karibu, shamba lake na langu yamepakana. Mwanzoni mwa mwezi wa sita alinikuta gulioni nauza karanga. Alikuwa amekonda.

"Mtani," akasema, "mwenzio nimechoka. Safari hii najinyonga kweli."

"Wee! Subiri kwanza nivune mahindi. Unataka nije msibani mikono mitupu?"

Wauza karanga wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Atilio naye akacheka.

"Haya mtani, vuna," akasema, akaenda zake.

Nilimaliza kuvuna Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Jumatatu asubuhi wakaja kuniambia Atilio amefariki. Presha, walisema, imemwangusha ghafla zizini. Nikalia kwanza peke yangu, maana nilimpenda mtu yule. Kisha nikanawa uso, nikajaza debe la mahindi mapya, nikachukua kamba.

Uani palijaa watu, na jeneza lilikuwa wazi. Nikaivaa kamba shingoni, nikatoa ulimi, nikaingia nikipepesuka.

"Zamu ya nani sasa? Kamba ninayo!"

Wa nyuma wakacheka. Lakini Lukresia, mjane wake, alikatiza kilio katikati, macho yakamganda kwenye kamba. Benito, kaka yake Lukresia, ambaye tulikuwa tumeambiwa alimwosha marehemu peke yake na kukataa msaada, akageukia ukutani. Nikachungulia jenezani. Shati la Atilio lilikuwa limefungwa vifungo vyote, na juu yake wamemzungushia skafu mpaka kidevuni. Atilio hakuwahi kufunga kifungo cha juu maishani mwake.

Nilikuwa nimemletea kamba mtu aliyekufa kwa kamba.

Na kwa kina Kihwele, aliyejitoa roho haliliwi. Anafukiwa nje ya mpaka bila wimbo, nyumba yake inabomolewa, mjane na wanawe wanarudishwa kwao. Nilishaona wakifanya hivyo mara moja. Mwanamke yule aliondoka na sufuria moja kichwani, na waliombomolea walikuwa mashemeji zake.

"Mtani, mbona umenyamaza?" Alikuwa Severini, kaka mkubwa wa marehemu na mkuu wa ukoo. Hakuwa anacheka. "Kuna nini?"

Ningelia, angejua. Ningeivua kamba ile kwa aibu, angejua pia. Nikapandisha sauti.

"Nina hasira! Mhehe gani huyu anakufa kwa presha? Kamba zimeisha madukani? Presha ni ugonjwa wetu sisi Wangoni, na huo nao mmetuibia!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Severini akajipangusa macho.

"We Skola mwehu kabisa."

"Na nyie wala mbwa! Kijiji hiki mwizi anapita usiku na mchana, hakuna hata wa kumbwekea!"

Nikajivuta kamba, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena. Saa nzima niliigiza kifo cha rafiki yangu mbele ya maiti yake, nikimsimanga kwamba amekishindwa. Sijawahi kujichukia kama siku ile, na sijawahi kuchekesha kama siku ile.

Kaburini nikaruka ndani, nikalala chali. Mtani akilala kaburini hatoki mpaka apewe anachotaka.

"Toka, mtani, jua linakwenda," Severini akasema.

"Sitoki. Apa mbele ya hawa wote: Lukresia haguswi. Nyumba yake, shamba lake, wanawe, wanabaki hapa hapa."

"Nani kasema anaguswa?"

"Apa! Au nifukieni na ndugu yenu, mpate mzimu wa Kingoni uwasumbue mpaka wajukuu."

"Naapa, mama! Naapa! Toka usije ukatuharibia ukoo."

Atilio akazikwa kati ya baba zake, kwa nyimbo zote. Watu wakarudi nyumbani wakisema msiba ule ulikuwa wa amani, haukuwa na neno hata moja la ugomvi.

Siku ya tatu nilimkuta Lukresia jikoni, peke yake, na kinu mbele yake. Nilikuwa nimekuja kushukuriwa, sitaficha.

"Siku ile ya gulio alirudi akaniambia amekwambia," akasema.

"Nilidhani ni utani, Lukresia."

"Najua. Hata mimi nilidhani hivyo." Akachota mahindi kwenye debe langu. "Alisema umemwomba asubiri uvune. Basi kila jioni anauliza, 'Mtani kamaliza?' Nikadhani anataka kukuomba mabua ya ng'ombe. Jumapili jioni nikamwambia nimepita shambani kwako, limebaki jeupe."

Akamimina mahindi kinuni, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Nipe mchi."

Nikampa. Nikachukua na wa pili, tukatwanga kwa zamu, maana wageni walikuwa bado hawajala.