Sigara ya Watu Wawili

Ilikataa kukaa mdomoni. Dobi aliijaribu upande wa kulia, akaijaribu upande wa kushoto, mwisho akatanua midomo kama mtu anayekaguliwa meno, ndipo ikaingia, na hata hapo mate yakamtoka pembeni ikabidi ayafute kwa mkono wa shati. Sigara gani hii, nene kama mpini wa nyundo? Ilikuwa ya Kuba, imesokotwa kwa mkono, rangi yake kama buni iliyokaangwa ikaiva, na majani yake yalikuwa na mishipa iliyotuna. Haikuwa na kichungi wala karatasi. Ncha yake alikuwa ameikata kwa mkasi wa mkewe wa kukatia nyuzi.

Saa saba mchana hiyo. Mkewe alikuwa amekwenda zahanati kupima presha, na mlango wa mbele wa duka lao la kufulia ulikuwa umeegeshwa. Huku uani kamba nne zilijaa: shuka za nyumba ya wageni, mashati, foronya, zote zikichuruzika. Dobi alikuwa amegeuza ndoo akaikalia katikati ya shuka mbili. Mtu angechungulia ukutani asingemwona. Ndiyo maana alipachagua.

Njiti ya kwanza ilizimika, ya pili ikamchoma kidole, ya tatu ikashika.

Akavuta kama alivyozoea kuvuta sigara za dukani enzi za ujana, mpaka chini kifuani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sigara ya namna ile moshi wake huishia mdomoni. Kifua kilimgoma. Alikohoa mpaka machozi yakamlenga, akaangalia huku na huku kama mwizi, halafu akavuta tena, kwa sababu kuitupa aliona ni dhambi ya pili.

Miaka ishirini na sita mikono yake ilikuwa ikiingia kwenye mifuko ya watu. Alikwisha kutoa funguo, barua za mapenzi, hereni moja moja, na siku moja meno ya bandia yaliyofungwa kwenye leso. Kila kitu kilienda kwenye kopo la biskuti lililokaa juu ya meza ya mbele, mbele ya macho ya wateja wote, kimefungwa kwa uzi wa rangi ya mwenyewe. Maana kila mteja alikuwa na uzi wake, ulioshonwa kidogo nyuma ya kola ili nguo zisichanganyike. Watu walitoka mitaa ya mbali, wakaruka madobi watatu njiani, wakaja kwake kwa ajili ya kopo lile.

Uzi wa bluu ulikuwa wa fundi mitambo wa meli, mzee mstaafu aliyeishi peke yake ghorofa ya pili, ng'ambo ya barabara. Asubuhi ile Dobi alipotia mkono kwenye koti la mzee, mfuko wa ndani, alikutana na leso, na ndani ya leso alikutana na hii. Aliinusa. Aliiweka kwenye kopo. Akafua mashati sita. Akarudi, akaitoa, akainusa tena.

Si kwamba alikuwa na uchu wa tumbaku. Alichotaka ni kujua, mara moja tu, wale watu ambao jasho lao analijua, madoa yao anayajua, wakikaa kujistarehesha wanasikia nini. Lakini hata hilo halikutosha kumtoa kwenye miaka ishirini na sita. Kilichomtoa ni wazo dogo lililompitia kichwani huku akikamua koti. Mzee huyu mwezi uliopita alikuja kuchukua suruali ambayo alikwisha kuichukua jana yake. Juzi alitafuta miwani akiwa ameivaa.

Atasahau, Dobi aliwaza. Akachukua mkasi.

Sasa sigara ilikuwa haijafika hata nusu na dunia ilikuwa inamzunguka taratibu, kamba na ndoo na ukuta. Jasho baridi lilimshuka mgongoni. Ladha yake ilikuwa ya ngozi, ya udongo, na mahali fulani kwa mbali ya kitu kitamu ambacho kila akitaka kukishika kilikimbia. Alivuta kwa muda unaotosha kupiga pasi mashati kumi. Kisha akainama, akatapika kwenye beseni la sabuni, na kile kipande kilichobaki akakitumbukiza humo humo, akamwaga vyote kwenye mfereji, akasugua sakafu kwa brashi mpaka ikang'aa.

Alisahau kitu kimoja tu, na ni kitu ambacho dobi hasahau. Nguo mbichi inakunywa moshi.

*

Kesho yake asubuhi mkewe alitandaza shati jeupe mezani, akalinyunyizia maji, akashusha pasi. Mvuke ulipopanda, alisimama.

"Baba watoto, hii nguo inanuka."

"Inanuka nini?"

"Inanuka baba mdogo, yule aliyekufa na kiko mdomoni." Akachukua foronya, akashusha pasi. Mvuke ukapanda. "Na hii pia. Kamba nzima."

Dobi aliinama kwenye kikapu akatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Mkewe alikwenda kwenye ukuta wanaochangia na kinyozi, akaugonga kwa kiganja. "Wewe kinyozi! Mlikuwa mnachoma nini huko jana? Mnachoma wateja?"

"Mama, mimi nina pumu," sauti ya kinyozi ikajibu. "Nikivuta sigara leo, kesho unanipigia pasi sanda."

"Basi wale mabwana zako wanaokaa kwenye benchi kupiga soga."

"Hao hata chai wananiomba, watapata wapi tumbaku ya kunukia mpaka kwako?"

Neno moja tu lingetosha. Dobi alilisikia likipanda kooni, likashuka. Aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe, huku mkewe akimpa kinyozi na benchi lake zima vipande vyao. Mkewe alikuwa mtu wa kukaripia watu kwa haki, na leo alikuwa anakaripia bure, na aliyejua ni mmoja.

Aliporudi, alichukua mkasi akate uzi. Mkasi ulinata. Aliufungua, akautazama, akaona chembe za kahawia zimeganda kwenye makali. Aliufuta kwa pindo la kanga, polepole, upande mmoja halafu wa pili, akaurudisha mahali pake. Toka hapo mpaka saa tisa hakumtazama mumewe usoni hata mara moja.

*

Saa tisa mzee aliingia na binti yake. Binti huyo alikuwa mkunga katika mji mwingine, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kutuliza watu, na siku hiyo alikuwa na mafua. Leso haikumtoka mkononi.

"Kijana," mzee alisema. Alimwita kijana ingawa Dobi alikuwa na miaka hamsini na miwili na wajukuu wawili. "Nguo zangu. Na kile kitu cha kwenye koti."

"Kitu gani, mzee wangu?"

Ulimi ulikuwa umekwisha kusema.

"Sigara. Moja, nene. Mfuko wa ndani, wa kushoto, kwenye leso."

"Labda kopo litajua," Dobi alisema, akalivuta, akalifungua, akaligeuza wote waone: vifungo viwili, ufunguo, kitana. Alipofanya hivyo alijisikia kama ameligeuza mbele ya watu kaburi la mama yake.

Binti alimgusa baba yake kwenye kiwiko. "Baba, huyu kaka nikiwa msichana alinirudishia hata kibanio cha nywele. Ingekuwepo, ingekuwa humo."

"Niliiweka mwenyewe."

"Mwenyewe lini?"

"Juzi. Jumatatu." Mzee alikunja uso. "Nilitoa kwenye droo, nikaiweka... Au niliirudisha kwenye droo?"

"Kwenye droo tumetafuta asubuhi yote, Baba. Chini ya godoro tumetafuta." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Tulikubaliana. Tulisema kikipotea kitu kingine kimoja wiki hii, unafunga mizigo tunaondoka wote. Ulisema mwenyewe, sawa."

"Nilisema."

"Hilo angalau unalikumbuka."

Alitaka kutania. Mzee hakucheka. Aliangalia nje, ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha lake la ghorofa ya pili lenye makopo ya maua aliyoyapanga kwa urefu kama mabomba ya mashine.

Mke wa Dobi aliweka mezani koti la mzee na, juu yake, mashati mawili yaliyokunjwa. Mzee aliinua shati la juu, labda apate cha kushika tu, na mkono wake ukasimama njiani. Akalisogeza puani.

"Hii hapa," alisema. "Nasikia harufu yake. Mwanangu, nusa."

Binti alilichukua, akavuta pumzi kupitia pua iliyoziba. Akatikisa kichwa.

"Mimi sisikii kitu, Baba."

"Nusa tena. Kwenye kola."

"Baba." Alilikunja shati upya, kwa upole, kama anayemvika mtoto. "Kwanza imepotea, sasa unaisikia kwenye nguo iliyofuliwa."

Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakukaa kama mtu aliyechoka. Alikaa kama mtu aliyeambiwa akae. Alijigusa mfuko wa kushoto wa shati alilovaa, halafu wa kulia, halafu akaiweka mikono yote miwili magotini ili isiendelee kutafuta.

"Basi," alisema. "Nitakuja kwako. Kichwa kimeisha hiki."

Pasi ilikuwa inachemka peke yake kwenye kibao chake. Dobi alisikia mkewe akivuta pumzi, akajua kwamba asiposema yeye, mkewe hatasema pia, na kwamba watakaa na jambo hilo chumbani mwao kama mgeni asiyeondoka.

"Niliivuta mimi," alisema.

Binti alimgeukia, macho yamelainika. "Kaka, unamhurumia. Nakushukuru. Lakini tusimdanganye, itazidi kumchanganya."

"Simhurumii. Niliivuta."

"Wewe? Mtaa mzima unakujua."

Hapo ndipo aibu ilipomkaa sawasawa. Jina lake zuri lilikuwa limesimama mlangoni linamzuia kutoka. Ilibidi alivue mwenyewe, kipande kwa kipande, mbele ya mkewe. Alieleza ndoo, shuka mbili, njiti tatu. Alieleza alivyovuta mpaka kifuani na alivyotapika kwenye beseni. Alieleza kinyozi alivyotukanwa bure. Binti aliendelea kutikisa kichwa, ila kila mara kidogo zaidi.

Mzee aliinua mkono. "Ilifungwa na nini?"

"Leso ya kijivu. Na ndani ya leso, uzi mwekundu."

"Mafundo mangapi?"

"Mawili."

"Mawili," mzee alisema. Akamtazama binti yake. "Mawili, mwanangu, kama nilivyokwambia asubuhi. Yule mpishi wa melini, aliyebaki kule Kuba akaoa. Alisokota mbili ndani ya ganda moja, yake na yangu, akafunga fundo la kila mtu. Aliyeileta aliniambia: mwenzako anasema usiivute peke yako, atakuja. Hajaja. Jumatatu nilipata habari kwamba hatakuja. Nikaitoa kwenye droo, nikaitia kwenye koti."

Alimgeukia Dobi.

"Kijana. Nyumba ya wageni inakuletea makoti kila siku, na kwenye makoti kuna pesa, kuna saa. Kwa nini yangu?"

Dobi angeweza kusema ni shetani. Angeweza kusema hajui. Mkewe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anamtazama.

"Kwa sababu nilijua utasahau."

Mzee aliinuka bila kushika kiti, akalitupia koti lake begani, akayabana mashati mawili kwapani.

"Niachie hayo niyafue upya," Dobi alisema. "Kesho asubuhi nakuletea mwenyewe, mlangoni."

"Usiyaguse."

Alikwisha kuvuka kizingiti. Nje alisimama kidogo, mgongo kwao, akasema neno ambalo halikuwa la Dobi wala la binti yake.

"Kumbe niliiweka."

Binti alimtazama Dobi kama anayetafuta tusi analoliweza, akakosa, akamfuata baba yake.

Dobi alibaki nyuma ya meza. Nyuma yake mkewe aliinua pasi, akaishusha, na harufu ikapanda tena, tamu sasa, ile tamu aliyoikosa jana. Hakugeuka.

Kule barabarani lori la mchanga lilikuwa linakuja kwa kasi. Mzee alifika ukingoni akasimama. Binti alinyoosha mkono amshike kiwiko, kama alivyomshika walipokuja. Mkono ukafika karibu kabisa na koti, ukasita pale hewani, vidole vimefunguka. Mzee aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaliacha lori lipite na vumbi lake, akaangalia kulia mara ya pili. Ndipo akateremsha mguu.