Bilinganya za Kwenda Nghe An

Mgeni gani huyu: ukinyamaza anabaki, ukimwita anakuja, na nauli hadaiwi? Bi Thoa alikuwa naye begini, amemkumbatia kifuani kwenye lango la hekalu, na jibu la kitendawili hicho hakutaka mtu yeyote wa Saigon alipate.

Alikuwa mdogo wake, Khoat. Majivu yake, ndani ya mtungi mdogo, na mtungi umeviringishwa kwenye fulana yake kuukuu ya bluu. Khoat alikuja mjini huku kujenga maghorofa, homa ikamlaza asiamke, na watawa wakamhifadhi mpaka ndugu zake wapate nafasi ya kuja. Sasa dada mtu amekuja, peke yake, kutoka Nghe An kule mbali kaskazini.

Mama yao, mkongwe asiyetoka kitandani, alimpa maagizo mawili. La kwanza: "Kila mkifika daraja, mwite jina, mwambie mnavuka. Usipomwita atabaki hapo hapo. Unamjua mwenyewe, huyu alipotea hata njia ya kisimani." La pili: "Saigon usimwamini mtu. Wakijua umebeba nini watakushusha. Hakuna dereva anayetaka mkosi kwenye chombo chake."

Kule nyumbani maagizo yote mawili yalikuwa mazuri. Huku mjini yalikuwa yanapigana.

Kwenye kivuli cha ukuta, mwanamume mwembamba alikuwa amelala chali juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani. Akafungua jicho moja.

"Shangazi, wapi?"

"Tupeleke stendi ya mabasi ya kaskazini."

Akafungua la pili. "Tupeleke? Wewe na nani?"

Bi Thoa akauma ulimi. "Mimi na begi langu."

"Haya. Mimi ndiye Luom, bodaboda wa lango hili. Lete begi huku mbele nilibane kwa miguu."

"Halitoki mkononi mwangu."

"Kwani lina dhahabu?"

"Bilinganya," alisema Bi Thoa, maana ndilo neno la kwanza lililomjia. "Bilinganya za chumvi. Mtungi mzima."

Luom alimtazama, kisha akacheka peke yake. Kicheko hicho Bi Thoa hakukipenda hata kidogo. Kabla ya kupanda alizunguka nyuma, akasoma namba ya pikipiki, akaanza kuikariri moyoni.

Wakaingia barabarani, pikipiki zimetapakaa kama mchele uliomwagika.

"Lafudhi hiyo ni ya Nghe," Luom alipaza sauti. "Mnaongea kama mnatafuna kokoto! Usikasirike, shangazi. Mke wangu ni wa huko huko. Mwaka wa ngapi sasa ananitukana, na sijaelewa hata tusi moja."

"Angalia mbele."

Mbele palikuwa na daraja. Daraja fupi la mfereji, kando yake wamama wameketi na mabeseni ya samaki na mafungu ya mboga. Bi Thoa akavuta pumzi, jina likamfika mdomoni. Hapo hapo Luom akageuza sikio nyuma.

"Hizo bilinganya, mmetia pilipili?"

"Kidogo," alijibu Bi Thoa.

Na daraja likawa limeshapita.

Badala ya jina la ndugu yake ametaja pilipili. Akamwona Khoat amesimama pale katikati ya wauza samaki, anatazama huku na huku, hajui ashike upande gani.

"Kitendawili!" Luom alisema.

Bi Thoa akazidi kulibana begi.

"Wanakwenda wawili, kivuli kimoja."

Amejua? Au ana mwenzake anayewafuata nyuma? Akageuka kutazama. Pikipiki mia, na kila aliyepanda amejifunika uso kwa kitambaa cha vumbi. Yeyote kati yao angeweza kuwa mwizi.

"Sijui," alisema.

"Basi nipe mji."

"Chukua Saigon hii hii, siitaki!"

Luom akacheka tena, akakunja ghafla kushoto, akaiacha barabara kubwa.

"Stendi ni kule! Nimeona kibao!"

"Huku pia inafika."

Uchochoro ukawa mwembamba, nguo zilizoanikwa zikawagusa vichwa. Walipita kinyozi aliyetundika kioo ukutani, kisha hapakuwa na mtu tena. Bi Thoa akachomoa pini ndefu iliyoshika shungi lake, nywele zikamwagika mabegani, akaielekeza pini kwenye mbavu za dereva. Begi wakitaka watalichukua akiwa maiti.

Pikipiki ikasimama mbele ya daraja la chuma, la zamani, lenye kutu. Luom akazima injini.

"Shuka, shangazi."

"Sishuki. Nina pini hapa."

"Naisikia tangu kule kwa kinyozi. Shuka tu."

Yeye mwenyewe alishuka kwanza, akavua helmeti, akasogea mbali kidogo, mikono ikiwa wazi. "Mwite basi," alisema.

"Nimwite nani?"

"Huyo wa bilinganya." Safari hii hakucheka. "Shangazi, watu wa Nghe wanakuja Saigon na mitungi ya bilinganya kuwaletea watoto wao. Tangu lini mtu akazitoa Saigon kuzipeleka Nghe? Barabara kubwa inapita kwenye daraja la malori, hata ukipiga baragumu hasikii mtu. Hapa panasimamika. Mama mkwe wangu nilimpitisha hapa."

"Na mkosi?"

"Alipokuwa hai hakuacha kunisema. Siku ile tu ndiyo alinyamaza. Mkosi uko wapi?"

Bi Thoa alishuka. Alitazama maji, alitazama begi.

"Hayupo," alisema. Akaona hatari ya kusema na hatari ya kunyamaza, akachagua kusema. "Tumemwacha daraja la mfereji. Uliniuliza pilipili, sikumwita. Turudishe, mdogo wangu."

Luom alitazama mawingu. Kisha akapigapiga kiti. "Panda. Basi likikuacha utapanda jingine."

Njia nzima ya kurudi Bi Thoa alijiuliza kama huo nao si ujanja wa kuongeza nauli.

Darajani alishuka kabla pikipiki haijasimama sawasawa, nywele zimetimka, begi kifuani.

"Khoat! Khoat ee! Ni mimi dada yako! Tunavuka daraja, njoo huku, huku kwangu!"

Muuza samaki mmoja akainua kichwa. "Mama, unamtafuta nani?"

"Mdogo wangu."

"Amevaa nini?"

Bi Thoa alilitazama begi. "Fulana ya bluu."

Yule mama akanyanyuka, akajipangusa magamba mikononi. "Khoat wa fulana ya bluu! Dada yako anakutafuta!" Muuza mboga naye akalidaka jina, na wa pembeni yake, mpaka daraja zima likawa linamwita Khoat, na Luom anapiga honi katikati yao.

Bi Thoa hakuona kitu wala hakusikia kitu. Begi tu lilizidi uzito kidogo, au pengine mikono yake ilikuwa imechoka.

"Ameonekana," alimwambia muuza samaki. "Asanteni. Asanteni sana, jamani."

"Mkanye huyo! Mtu mzima kupotea sokoni!"

"Namkanya tangu mdogo, hasikii."

Akarudi kwenye pikipiki, akafunga shungi, akachomeka pini mahali pake. Namba ya pikipiki aliendelea kuikariri, maana Saigon ni Saigon.

Luom aliwasha injini, akageuza uso nusu.

"Shikeni vizuri," alisema.

Bi Thoa akashika.