Namba ya Nyumbani

Mwanamume aliyekuwa mapokezi ya ofisi yetu ya ushauri kwa wanaonyanyaswa nyumbani alivaa shati lililopigwa pasi vizuri, akanisalimia kwa adabu zote. Alisema anamsubiri mkewe, mwenye miadi na mimi saa nne. Nilipomuuliza kaambiwa na nani, akatabasamu. Akasema ni mimi mwenyewe niliyempigia simu jana.

Dada wa mapokezi yuko likizo, na wiki nzima nilikuwa nawakumbusha wateja miadi yao huku nikijisifu kwamba kazi yenyewe ni ya mkono mmoja. Kwenye fomu ya huyu mama kuna namba mbili: ya nyumbani, na ya dada yake. Pembeni ya hiyo ya pili niliandika mwenyewe, kwa wino mwekundu: piga hii tu. Nikapiga ya kwanza. Ikapokelewa na sauti ya kiume, nikadhani ni mume wa dada yake, nikaacha ujumbe. Huo ni uzembe, wala siupambi.

"Mimi ni mumewe," alisema. "Ana siri gani na ninyi?"

"Kaka, hapa hatusemi nani anakuja na nani haji. Ungekuwa wewe ndiye mteja, mkeo naye asingeambiwa."

"Basi nitakaa."

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Nikajikaza, nikaingia ndani na kumpigia dada wa mteja wangu. Akaniambia mwenyewe ameshatoka, na simu hatembei nayo kwa sababu mume huikagua. Nilimweleza msimamizi wangu yote bila kuficha. Yeye ni mama asiyepaza sauti hata akichukia. Alichukua kitabu cha wageni, akaenda kukaa na yule bwana, akaanza kumuuliza jina lake herufi kwa herufi. Mimi nikatokea mlango wa jikoni na viatu mkononi.

Nilimkuta mteja wangu njia panda, penye duka la fotokopi, anavuka barabara. Nikamvuta ndani ya duka. Njiani nilikuwa nimeshatunga uongo mzuri, kwamba pengine alifuatwa, na aibu yangu iliutaka sana uongo ule.

"Mumeo yuko ofisini," nikasema. "Kosa ni langu. Nilipiga namba ya nyumbani."

Hakulia wala hakunitukana, na laiti angenitukana. Aliuliza nilipiga lini. Nikamwambia jana, saa kumi. Akatazama mashine ikitoa karatasi moja baada ya nyingine.

"Jana jioni alinichemshia maji ya kuoga," akasema. "Akaniuliza kwa upole kesho nitashinda wapi. Leo nilikuwa nakuja kukuambia labda amebadilika."

Akaniuliza kama ile nyumba ya hifadhi niliyomweleza mwezi uliopita bado ina nafasi. Nikamwambia nitapiga kuuliza.

"Piga hapa hapa," akasema. "Na namba nionyeshe kwanza."